Kumbukumbu ya Kipakatalishi: Kuisoma, Kuichagua na Kuipachika

Utangulizi

Mwanafunzi wa Kiswahili wa leo haandiki tasnifu yake kwa kalamu. Tangu pendekezo la utafiti hadi nakala ya mwisho inayofungwa kwa jalada gumu, kazi yote hupitia katika kipakatalishi, na mara nyingi kipakatalishi hicho ni kile kilichokwisha kutumika miaka kadhaa katika ofisi za Ulaya kabla ya kufikishwa Nairobi na kuuzwa upya. Mashine za namna hii ni imara na bei yake humudika. Tatizo lake ni kwamba nyingi huja na kumbukumbu ndogo, aghalabu GB 4, na haupiti muhula mmoja kabla mwenyewe hajaanza kulalamika. Akifungua sura ya pili ya tasnifu pamoja na makala matano ya marejeleo na vichupo kumi vya kivinjari, mashine hupiga kwikwi. Herufi huchapwa sasa na kuonekana baadaye. Ushauri anaopewa hapo na wenzake huwa wa maneno mawili tu: "Ongeza RAM."

Makala haya yanalenga kueleza yaliyomo ndani ya maneno hayo mawili. Yataonyesha namna ya kubaini iwapo kweli kumbukumbu ndiyo tatizo, namna ya kuchagua ile inayofaa, na namna ya kuipachika bila kuiharibu mashine wala kazi iliyomo. Hoja inayoyaongoza ni kwamba ununuzi huu huharibika katika lugha kabla ya kuharibika katika kifaa. Neno moja limebebeshwa vitu viwili, na lebo iliyobandikwa juu ya kile kinachonunuliwa hulipiwa bila kusomwa. Mwanafunzi wa lugha amefunzwa kusoma matini kwa makini. Hana sababu ya kuuacha ujuzi huo mlangoni anapoingia dukani.

Ili maelezo yasielee hewani, mifano mingi itatolewa kwa mashine mbili zinazofahamika sana katika maduka ya vipakatalishi vilivyotumika: HP EliteBook 840 G2 na HP EliteBook 840 G3. Kwa jicho la haraka hizi ni ndugu wa tumbo moja. Zote zina kioo cha inchi 14 na jina lile lile, tofauti ikiwa ni tarakimu moja ya mwisho. Itaonekana hapa chini kwamba tarakimu hiyo moja yaweza kumgharimu mtu pesa zake zote.

Neno moja, vifaa viwili

Katika matangazo ya biashara si ajabu kusoma kwamba kipakatalishi fulani kina "kumbukumbu ya GB 500", na katika tangazo linalofuata kwamba kingine kina "kumbukumbu ya GB 4". Msomaji asiyejua atadhani cha kwanza kina kumbukumbu mara 125 zaidi ya cha pili. Ukweli ni kwamba matangazo hayo yanazungumzia vitu viwili tofauti kabisa. Lile la kwanza linahusu diski, mahali faili zinapokaa hata mashine ikiwa imezimwa. La pili linahusu RAM, mahali ambapo programu na faili zilizofunguliwa sasa hivi huwekwa ili kichakataji kizifikie kwa wepesi.

Tofauti hii yaweza kufafanuliwa kwa vyombo vya nyumbani. Diski ni ghala. RAM ni ungo. Nafaka hukaa ghalani mwaka mzima, lakini hakuna anayepepetea nafaka ghalani: hutolewa kiasi, ikawekwa unguni, ikashughulikiwa hapo. Ungo ukiwa mdogo, mpepetaji hulazimika kwenda ghalani na kurudi mara nyingi, na ukijaa pomoni, hana budi kurudisha sehemu ghalani kabla ya kuchota nyingine. Hivyo ndivyo mashine yenye kumbukumbu ndogo inavyofanya. RAM ikijaa, mfumo huhamishia sehemu ya vilivyomo hadi katika faili maalumu iliyo kwenye diski, kisha huvirudisha vinapohitajika. Diski, hata iliyo bora, ni ya polepole mno ikilinganishwa na RAM, na safari hizo za kwenda na kurudi ndizo anazozihisi mwandishi kama kwikwi.

Mfano wa ungo unaeleza jambo la pili pia. Kilicho unguni hupeperushwa na upepo. Kilicho ghalani hubaki. RAM hushikilia data kwa nguvu za umeme, na umeme ukikatika, yote yaliyokuwemo hutoweka. Aya tatu zilizochapwa bila kuhifadhiwa zilikuwa unguni tu. Kinyume chake ni kweli vilevile: kuichomoa RAM hakufuti faili hata moja. Wapo wanafunzi wanaoogopa kubadilishiwa kumbukumbu wakidhani tasnifu itaondoka nayo. Hofu hiyo haikuzaliwa na kifaa. Imezaliwa na neno.

Je, Kiswahili hakina njia ya kuvitenganisha vitu hivi? Kinayo, na iko mezani tayari. Katika programu zilizofasiriwa kwa Kiswahili, amri ya kuweka kazi kwenye diski hufasiriwa kama "hifadhi". Basi diski na iitwe hifadhi, na kumbukumbu liwe jina la RAM peke yake. Mtu anayekumbuka jambo analo akilini wakati huo. Aliyelihifadhi ameliweka mahali. Pengine atatokea wa kusema kwamba hifadhi ni mbuga ya wanyama, ila ni vigumu kuona mteja akidhani anauziwa Maasai Mara ya GB 500. Katika makala haya maneno hayo mawili yatatumika kwa mgawanyo huo.

Je, tatizo ni kumbukumbu kweli?

Kabla ya kutoa hata shilingi, mwenye mashine anapaswa kupima. Kwa anayetumia Windows 10 au Windows 11, kipimo kimo ndani ya mashine yenyewe. Afungue kazi zake zote za kawaida kama anavyozifungua siku ya kuandika: Word, marejeleo, kivinjari, rekodi za sauti za mahojiano ikiwa anatafiti fasihi simulizi. Kisha abonyeze Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Dirisha litakalotokea lina ukurasa wa utendaji wenye michoro ya kichakataji, kumbukumbu na diski. Hapo ndipo ukweli ulipo.

Ikiwa mchoro wa kumbukumbu umepanda ukashikilia juu ya asilimia 85 au 90, ungo ni mdogo na kuuongeza kutasaidia. Ikiwa umesimama kwenye asilimia 50 na mashine bado inajikokota, kumnunulia RAM ni sawa na kumpa dawa ya kikohozi mgonjwa wa jino. Mara nyingi katika hali hiyo tatizo ni hifadhi: mashine ingali na diski ya zamani yenye sahani zinazozunguka, na mchoro wake hugonga asilimia 100 kila inapowashwa. Mashine kama hiyo itafaidika zaidi kwa kubadilishiwa diski hiyo na kuwekewa SSD. Ni afadhali kulijua hili mapema, kwa kuwa muuzaji wa RAM huuza RAM.

Ukurasa huohuo wa kumbukumbu una habari tatu zaidi ambazo mnunuzi anafaa kuziandika kwenye karatasi: kasi ya kumbukumbu iliyopo, umbo lake, na idadi ya sloti zinazotumika kati ya zilizopo. Sloti ni kile kitako ambamo kijiti cha kumbukumbu hupachikwa. Ukisoma kwamba sloti 1 kati ya 2 inatumika, ipo moja tupu inayosubiri. Zikiwa zimejaa zote mbili kwa vijiti vya GB 2 kila kimoja, basi kuongeza maana yake ni kuondoa.

Lipo pia swali la toleo la mfumo endeshi. Mifumo ya biti 32 haiwezi kuhesabu zaidi ya anwani 4,294,967,296, yaani GB 4, na katika matumizi ya kawaida ya Windows hubaki chini ya hapo kwa kuwa sehemu ya anwani hizo hutengewa vifaa vingine. Anayetumia toleo kama hilo akipachika GB 8 atakuwa amenunua GB 4 za mapambo. Itambidi kwanza aweke mfumo wa biti 64.

Mashine inakubali nini?

Hapa ndipo makosa mengi yanapotendeka, na ndipo panapohitaji subira. Vipakatalishi havikubali kumbukumbu yoyote tu. Vizazi vya kumbukumbu vimefuatana kwa majina ya DDR, DDR2, DDR3, DDR4 na DDR5, na hakuna kizazi kinachoweza kukaa kwenye sloti ya kingine. Kijiti cha kipakatalishi cha DDR3 kina meno 204 ya dhahabu kwenye ukingo wake. Cha DDR4 kina 260. Cha DDR5 kina 262. Pengo lililokatwa katikati ya meno hayo pia limewekwa mahali tofauti makusudi, ili mtu asiweze kupachika kizazi kisichofaa hata akitaka. Umeme unaotumika umekuwa ukishuka kutoka volti 1.5 kwa DDR3 hadi 1.2 kwa DDR4 na 1.1 kwa DDR5.

Sasa turejee kwa wale ndugu wawili. EliteBook 840 G2 hutumia DDR3L, ina sloti mbili, na kikomo chake ni GB 16. EliteBook 840 G3 hutumia DDR4, nayo ina sloti mbili, lakini kikomo chake ni GB 32. Mwanafunzi anayefika dukani na kusema "nipe RAM ya EliteBook 840" hajasema kitu. Muuzaji asiyeuliza swali la pili atampa chochote kilicho karibu, na akifika chumbani mwake atagundua kwamba hakiingii. Ikiwa risiti imeandikwa kwamba bidhaa ikishatoka hairudishwi, hapo ndipo tarakimu moja ya mwisho inapokuwa ghali.

Herufi L iliyo mwishoni mwa DDR3L inastahili aya yake. Inaonyesha kumbukumbu inayotumia umeme mdogo, volti 1.35 badala ya 1.5. Vijiti vya DDR3 vya kawaida na vya DDR3L vina meno sawa na pengo mahali pamoja, kwa hiyo pengo halimlindi mnunuzi hapa. Kijiti cha volti 1.5 kitaingia kwenye 840 G2 vizuri kabisa, kitabana, na mashine haitawaka, kwa sababu vichakataji vya kizazi hicho vimeundwa kwa volti 1.35. Mashine nyingi za miaka ya 2013 hadi 2015 ziko katika hali hii. Isitoshe, kuna kumbukumbu inayoitwa LPDDR3, ambayo si DDR3L hata kidogo licha ya kufanana kwa herufi. Hiyo hulehemewa moja kwa moja kwenye bodi mama na haiuzwi kama kijiti.

Suala hilo la kulehemewa lipewe uzito, kwani ndilo linaloamua iwapo kuna haja ya kuendelea kusoma. Vipakatalishi vingi vyembamba havina sloti kabisa. MacBook Air, kwa mfano, tangu ilipoanza haijawahi kuwa na kumbukumbu ya kubadilishwa. Anayenunua yenye GB 4 atakufa na GB 4. Nyingine ziko katikati: Lenovo ThinkPad T440s ina GB 4 zilizolehemewa pamoja na sloti moja, hivyo kikomo chake ni GB 12. ThinkPad X240 ina sloti moja tu, na Lenovo yenyewe huitaja kwa kikomo cha GB 8. Njia ya hakika ya kujua ni kusoma mwongozo wa matengenezo unaotolewa na mtengenezaji kwa jina kamili la mashine, pamoja na tarakimu na herufi zake zote. HP na Lenovo hutoa miongozo hiyo bure.

Kusoma lebo

Kijiti cha kumbukumbu hubandikwa lebo ndogo ambayo kwa asiyezoea huonekana kama fumbo. Tuchukue lebo iliyoandikwa hivi: 8GB 2Rx8 PC3L-12800S. Sehemu ya kwanza iko wazi, ni ukubwa. Sehemu ya pili inaeleza mpangilio wa chipu, yaani safu mbili za chipu zenye upana wa biti nane kila moja. Sehemu ya tatu ndiyo roho ya lebo. PC3 ni kizazi cha DDR3. L ni ule umeme mdogo uliozungumziwa. Isipokuwepo, kijiti ni cha volti 1.5. Herufi S ya mwisho inaonyesha kwamba hiki ni kijiti kifupi cha kipakatalishi na si kile kirefu cha tarakilishi ya mezani.

Tarakimu 12800 ni wingi wa data unaoweza kupita kwa sekunde moja, kwa megabaiti. Njia ya data ina upana wa biti 64, ambazo ni baiti 8. Kugawanya 12800 kwa 8 huleta 1600, na hiyo ndiyo kasi inayotajwa dukani kama DDR3-1600. Mtu akiambiwa 12800 na mwingine akaambiwa 1600, wameambiwa jambo lile lile.

Walioandaa lebo za DDR4 walibadilisha kanuni. Lebo ya kijiti kinachofaa 840 G3 yaweza kusomeka 8GB 1Rx8 PC4-2133P, ambapo 2133 ni kasi yenyewe na si wingi wa megabaiti. Vilevile wapo watengenezaji wanaoandika PC4-17000, ambayo ni kasi hiyohiyo kwa hesabu ya zamani. Msomaji asiyejua mabadiliko haya akilinganisha 12800 na 2133 atadhani kijiti cha zamani kina kasi mara sita. Ni mfano mzuri wa matini ambayo haieleweki bila kujua kipindi ilimoandikwa, na wanafunzi wa fasihi wanaijua hali hiyo vyema.

Kuhusu kasi, hapana haja ya kutia hofu. Kijiti cha 2400 kikipachikwa kwenye mashine inayokomea 2133 kitafanya kazi kwa 2133. Vijiti viwili vya kasi tofauti vitafuata kile cha polepole. Kizazi na volti ndivyo visivyo na msamaha. Kasi ni mpole.

Kiasi gani kinatosha?

Kwa mwanafunzi anayeandika, anayesoma PDF na kutumia kivinjari, GB 8 zinatosha. Anayehariri video za ngoma na masimulizi, au anayechakata kongoo kubwa la maneno, aelekee GB 16. Zaidi ya hapo, katika taaluma hii, ni fahari tu.

Mpangilio nao una maana. Vijiti viwili vya GB 4 hufanya kazi sambamba, njia mbili za data zikipitisha kwa pamoja, ilhali kijiti kimoja cha GB 8 hutumia njia moja. Michoro ya kioo katika mashine hizi huazima sehemu ya RAM, hivyo tofauti hiyo huonekana zaidi kwenye picha na video kuliko katika uandishi. Hata hivyo, mwenye kijiti kimoja cha GB 4 na sloti tupu hatakosea akiongeza cha GB 8 akapata GB 12: mashine za Intel za vizazi hivi hupitisha GB 8 za kwanza sambamba na kuacha GB 4 zilizosalia kwenye njia moja. Anayependa usawa wa mizani abaki na ushairi.

Bei ni jambo gumu kuliandikia. Mwishoni mwa mwaka 2025 bei za chipu za kumbukumbu zilipanda duniani kote, watengenezaji walipoelekeza uzalishaji wao kwenye vituo vikubwa vya data vya akili unde. Kwa hiyo bei aliyoisikia mtu kwa rafiki yake mwaka uliotangulia isiwe kigezo. Aulize maduka matatu siku moja. Kijiti kilichotumika si kibaya, kwa kuwa RAM haina sehemu inayozunguka wala kulika. La muhimu ni kukubaliana na muuzaji, kwa maandishi, juu ya siku za kukijaribu.

Kuna swali moja zaidi la haki kwa mnunuzi. Microsoft ilikomesha utoaji wa kawaida wa masasisho ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 rasmi haizikubali 840 G2 wala 840 G3 kwa sababu ya umri wa vichakataji vyake. Je, inafaa kuzitilia pesa? Kwa anayebakisha mwaka mmoja au miwili ya uzamili, inafaa, mradi awe tayari kuhamia mfumo kama Ubuntu au Linux Mint, ambayo huendeshwa bila taabu kwenye mashine hizo zikiwa na GB 8. Kwa anayetaka mashine ya miaka mitano ijayo, pesa hizo na ziwe mwanzo wa akiba ya nyingine.

Upachikaji

Kazi yenyewe huchukua muda mfupi kuliko kuisimulia. Kwanza tasnifu inakiliwe mahali pengine, kwenye diski ya nje au kwa barua pepe. Imesemwa kwamba kubadilisha RAM hakufuti faili, na ni kweli. Lakini kipakatalishi kilicholazwa kifudifudi mezani chaweza kuanguka, na kuanguka hakujali tofauti ya kumbukumbu na hifadhi.

Mashine izimwe kabisa. Kuifunika tu huiacha usingizini huku RAM ikiendelea kupokea umeme. Chaja ichomolewe. Katika 840 G2 mfuniko wa chini hufunguka kwa kusukuma komeo lake, bila bisibisi. Katika 840 G3 hufunguliwa kwa bisibisi ya nyota, kisha mfuniko huinuliwa taratibu. Popote betri ilipo, iondolewe au waya wake uchomolewe kabla ya kidole kugusa kitu kingine.

Adui asiyeonekana ni umeme tuli. Mtu aliyevaa sweta na kutembea juu ya zulia hujikusanyia chaji ambayo yaweza kuua chipu bila yeye kuhisi chochote. Kazi hii ifanyiwe juu ya meza ya mbao, na kabla ya kukigusa kijiti, mkono uguse chuma kisichopakwa rangi. Kijiti kishikwe kwa kingo zake. Meno ya dhahabu yasiguswe.

Kukitoa kijiti cha zamani, vibanio viwili vya pembeni hutanuliwa kwa vidole gumba kwa wakati mmoja, nacho huinuka chenyewe kwa mshazari. Huko ndiko kunaonyesha namna ya kuingiza kipya: kwa mshazari huohuo wa nyuzi 30 hivi, pengo likilingana na kijino kilicho ndani ya sloti. Kisukumwe hadi meno yamezame, kisha kilazwe chini mpaka vibanio vilie "ta!" pande zote mbili. Kosa la kawaida hapa ni woga. Wengi husukuma kwa unyenyekevu mno, meno yakabaki nje kidogo, na mashine ikakataa kuwaka. Kikigoma kabisa kuingia, nguvu isiongezwe: lebo isomwe upya.

Kwa anayempa fundi kazi hii, heshima ya fundi haipungui mteja akisimama karibu. Aandike ukubwa na tarakimu za lebo ya kijiti alichokuja nacho, na aulize kwa adabu: "Fundi, naomba nikione kile cha zamani."

Baada ya kuwasha

Mashine ikiwashwa mara ya kwanza, kioo chaweza kubaki cheusi kwa muda kuliko kawaida, kwa sababu inakipima kijiti kigeni. Isizimwe kwa papara. Ikiwa dakika kadhaa zimepita na taa ya Caps Lock inawaka na kuzimika kwa mpigo maalumu, mara nyingi kijiti hakijakaa sawasawa. Kitolewe, kipachikwe tena. Kikishindwa, kijaribiwe kikiwa peke yake, kisha cha zamani peke yake. Kwa njia hiyo mkosaji hujulikana.

Ikiwaka, ukurasa uleule wa utendaji utaonyesha jumla mpya. GB 8 zaweza kusomeka kama 7.9 au chini yake kidogo. Zilizopungua zimeazimwa na michoro, hazijaibwa.

Wengi huishia hapo na kufunga skrubu. Haifai. Kijiti kibovu kidogo ni hatari kuliko kile kilichokufa, kwa kuwa mashine itawaka na kufanya kazi huku ikikosea hapa na pale. Ukubwa wa hatari hii waweza kuonekana kwa herufi moja. Katika tarakilishi herufi "a" ni namba 97, na "i" ni namba 105. Kwa mfumo wa biti, namba hizo hutofautiana kwa biti moja tu. Biti hiyo ikigeuka ndani ya RAM mbovu, "paka" huwa "pika", na "pata" huwa "pita". Kisahihishi cha tahajia hakitasema neno, kwani yote ni maneno sahihi ya Kiswahili. Katika tasnifu inayochambua ubeti wa shairi, kosa la namna hiyo laweza kupita mbele ya msimamizi na watahini likabaki maktabani. Na biti ikigeuka baada ya Word kuibana faili tayari kwa kuihifadhi, sura nzima yaweza kukataa kufunguka.

Kwa sababu hiyo kijiti kipya kijaribiwe usiku mzima. Windows ina kipimo chake cha kumbukumbu kinachofunguliwa kwa kuandika mdsched, na MemTest86 huendeshwa kutoka kwenye flashi. Kosa hata moja likitokea, kijiti kirudishwe dukani ndani ya zile siku zilizokubaliwa. Hadi kipimo kikamilike bila kosa, tasnifu isifunguliwe kwenye mashine hiyo.

Kijiti cha zamani, ikiwa kimetolewa, kitiwe ndani ya mfuko wa plastiki wa rangi ya fedha uliokuja na kipya, na juu yake kuandikwe jina kamili la mashine kilimotoka pamoja na maandishi ya lebo. Siku kijiti kipya kitakapozua mashaka, hicho ndicho kitakachotumika kulinganisha. Na akitokea mwenzake bwenini mwenye sloti tupu, ataulizwa kwanza ikiwa yake ni G2 au G3.